Bati Likae Mahali Pake Kwanza

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili waliotembelea karakana ya mafundi bati, Chonyonyo. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.



Ratiba ya leo ina jambo moja la kuamuliwa, nalo ni ombi la mafundi wetu kununuliwa mashine ya kukatia bati inayotumia umeme. Mmekwisha kulisoma kwenye makabrasha. Mimi nimeombwa nitoe maelezo ya kitaalamu ili wajumbe wasipige kura gizani. Nitasema wazi tangu mwanzo kwamba silipingi ombi hilo, ila naona limekuja kabla ya wakati wake. Kuna kazi ndogo inayotakiwa kufanyika kwanza, na kazi hiyo isipofanyika, mashine itatusaidia kuharibu bati kwa kasi zaidi kuliko tunavyoliharibu sasa kwa mkasi.

Nimekuja na kopo hili tupu. Mnalifahamu wote. Bukoba kuna kiwanda cha TANICA kilichoanza miaka ya 1960, na kopo la Africafe limekaa kwenye kabati za nyumba zetu tangu wengi wetu tukiwa watoto. Kahawa ikiisha, kopo linawekwa chumvi, au sindano na vifungo, au mbegu za mchicha. Naomba mlipitishe mkononi mkono kwa mkono, mlitazame kwa makini. Tafuteni mshono wa ubavuni. Tazameni ukingo wa juu kama unapanda na kushuka. Tazameni maandishi yanapokutana nyuma, kama mstari wa rangi umevunjika. Halafu mfunike na kufunua mfuniko mara mbili tatu.

Mtaona kwamba mshono ni mwembamba sana na rangi zimekutana. Mfuniko huu ungefunika kopo jingine lolote la ukubwa huo, hata kama lilitengenezwa mwaka mwingine na mtu mwingine. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulizungumze leo, kwa sababu vihenge vyetu bado havijalifikia. Kila kihenge kinachotoka hapa kina mfuniko wake, na ukibadilisha mfuniko na wa jirani haukai.

Sasa niwaeleze kopo linavyoanza. Watu wengi hudhani ufundi wa kiwanda cha makopo uko kwenye kuviringisha na kulehemu. Uko pia huko, lakini mwanzo wake ni jambo ambalo mgeni akitembelea kiwanda hata halitazami, yaani namna bati linavyoingizwa kwenye mashine na kuwekwa mahali pake kabla kisu hakijaligusa.

Bati la makopo ni chuma chembamba kilichopakwa madini ya bati pande zote mbili. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.15 na 0.30. Bati tunalotumia hapa kwa vihenge, geji 26, ni kama nusu milimita. Kwa hiyo lao ni jembamba zaidi, linajikunja kirahisi, na linakuja likiwa limerundikwa karatasi kwa karatasi, mamia kwa pamoja. Karatasi hizo zina mafuta kidogo, na karatasi mbili zenye mafuta hung'ang'aniana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kazi ya kwanza ya mashine ni kuchukua moja tu.

Pembeni mwa rundo huwekwa sumaku. Sumaku hizo huzitia karatasi za juu nguvu ya aina moja, nazo husukumana na kuachana zenyewe, ukingo wa moja unaonekana umeinuka juu ya nyingine. Halafu hushuka vikombe vidogo vya mpira vinavyonyonya hewa, vinaishika karatasi ya juu na kuiinua, huku upepo ukipulizwa chini yake ili isimbebe mwenzake. Baadaye kidogo kuna kifaa kinachopima unene wa kinachopita. Kikihisi karatasi mbili, mashine inazitupa pembeni au inasimama. Hakuna mjadala hapo, kwa sababu karatasi mbili zikifika kwenye kisu au kwenye mashine ya chapa, zinaweza kuvunja kitu cha gharama kubwa.

Baada ya hapo karatasi inasafiri, na hapa ndipo pa kutazama sana. Inakwenda mbele hadi igonge vizuizi viwili vilivyo mbele yake. Kabla ya kugonga hupunguzwa mwendo, maana bati likigonga kwa kasi hurudi nyuma kama mpira, au hukunja ukingo wake. Likishatulia kwenye vizuizi viwili vya mbele, kidole cha chuma hulisukuma kutoka ubavuni hadi liguse kizuizi kimoja cha upande. Sehemu tatu zimeguswa, mbili mbele na moja pembeni. Kuanzia hapo karatasi ile haina uhuru tena wa kwenda kushoto, kulia, wala kuzunguka. Kila karatasi inayofuata itakaa pale pale. Ndipo inasukumwa kwenye visu vya duara vinavyozunguka viwili viwili, inakatwa kuwa vipande virefu. Vipande hivyo vinageuzwa na kukatwa tena kwa upande mwingine, na vinatoka vipande vya miili ya makopo.

Kwa nini vizuizi vitatu na si ukuta mrefu? Swali hili aliniuliza kijana mmoja wa hapa wiki mbili zilizopita, na ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa ofisini. Ukingo wa bati haunyooki kabisa kama macho yanavyodhani. Ukiuegemeza kwenye ukuta mrefu, utagusa pale palipovimba, na leo pamevimba hapa, kesho pale. Hujui umegusa wapi. Ukiuegemeza kwenye ncha mbili, siku zote unajua ni wapi. Tena ukuta mrefu hukusanya uchafu. Chembe moja ya chuma, ile tunayoipangusa kila jioni hapa chini, ikikaa kati ya bati na ukuta, bati lote limepinda, na wewe huoni.

Umbali kati ya ncha mbili za mbele nao una maana. Chukueni chembe ya unene wa milimita 1. Ikiingia kwenye kizuizi kimoja, na vizuizi viko sentimita 20 tu kutoka kimoja hadi kingine, bati la urefu wa mita 2 litapotoka milimita 10 kutoka mwanzo hadi mwisho. Vizuizi vikiwa mita 1 na nusu, chembe ile ile italipotosha milimita 1 na kitu kidogo. Chembe ni ile ile na fundi ni yule yule.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote. Kopo hili lilipigwa chapa likiwa bado bati bapa, kabla ya kukatwa. Kila rangi hupigwa kwa zamu yake, na kila mara karatasi hukaa kwenye vizuizi. Baadaye inakwenda kukatwa. Sasa, kama kwenye chapa karatasi iliegemezwa kona ya kushoto, na kwenye kukata ikaegemezwa kona ya kulia, basi tofauti yoyote ya ukubwa wa karatasi itahamia kwenye picha, na kisu kitapita katikati ya maandishi. Kwa hiyo huchaguliwa kona moja tangu mwanzo, na kona hiyo hufuatwa kutoka mashine moja hadi nyingine mpaka mwisho. Vipimo vyote vinaanzia hapo.

Vipande vikishakatwa sawasawa, yanayobaki hufuata vizuri. Kipande huviringishwa, kingo zake mbili hupishana kwa chini ya milimita moja, huongozwa na chuma chenye mfereji wa kila upande, kisha hulehemiwa kwa umeme kati ya rola mbili zenye waya wa shaba. Mashine za kisasa hufanya hivyo kwa mamia ya makopo kwa dakika. Kupishana huko kukiwa kudogo mno, mshono unaachia. Kukiwa kukubwa mno, chuma hakiivi. Lakini mashine ya kulehemu haiwezi kurekebisha kipande kilichokuja kikiwa upande mmoja kipana kuliko mwingine. Haiwezi kabisa. Itakilehemu kama kilivyo, kisha ukingo wa juu utakuwa na ngazi, na kifuniko kitakapokunjwa juu yake kutakuwa na mahali pa kuvuja.

Zamani haikuwa hivyo. Hati ya kwanza ya haki ya uvumbuzi wa kopo la chuma ilitolewa Uingereza mwaka 1810 kwa Peter Durand, na kwa miaka mingi makopo yalikatwa kwa mkasi na kulehemiwa kwa mkono, fundi mmoja akitoa makopo machache tu kwa saa. Yaani walifanya kazi kama tunavyofanya hapa. Walilehemu kwa risasi pia. Hapo niseme pembeni, maana nimeona majagi pale dirishani: risasi si kitu cha kuweka kwenye chombo cha maji ya kunywa au maziwa. Marekani ilipiga marufuku makopo ya chakula yaliyolehemiwa kwa risasi mwaka 1995. Majagi hayo tuyauze kwa kumwagilia bustani na tuyaandike hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki viwanda vya makopo si jambo la jana. Tanganyika Metal Box ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa makampuni ambayo serikali iliingia katika umiliki wake mwezi Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, kopo likihesabiwa pamoja na bia, sigara, viatu na saruji. Kenya nayo Metal Box ilikuwa na kiwanda Thika, kwenye mashamba ya mananasi. Na wazee mnaikumbuka nyama ya kopo ya Tanganyika Packers, Kawe.

Lakini mfano mzuri kuliko yote uko sokoni kwetu, nao ni debe. Debe lilikuja likiwa limebeba mafuta ya taa, galoni 4, karibu lita 18. Mafuta yaliisha, debe likabaki. Kwa nini likawa kipimo cha mahindi na maharage kutoka pwani hadi huku kwetu? Kwa sababu madebe yote yalikuwa sawa. Mtu wa Kayanga hakuhitaji kumjua mtu wa Biharamulo ili akubaliane naye bei ya debe. Kiwanda kilichokuwa kikilikata bati lile kwa vizuizi vyake hakikuwaza mahindi hata kidogo, lakini usawa wa vipande vyake ndio uliojenga kuaminiana sokoni. Na mnajua pia walanguzi walivyojifunza kulibonyeza debe ndani au kulipanua chini, ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanasisitiza mizani. Mtu hapati faida kwa kubonyeza chombo ambacho hakuna anayekiamini.

Fundi wa koroboi naye alirithi usawa huo huo. Alichukua kopo la maziwa au la dawa ya mbu, akakata, akakunja, akapata taa. Tulimsifu kwa jicho lake, na alistahili. Ila tukumbuke kwamba bati alilopewa lilikuwa limekwisha nyooshwa na kukatwa mraba na kiwanda. Alianzia kwenye kona iliyo sahihi. Fundi wetu wa vihenge anaanzia kwenye bati zima la mita 2 kwa mita 1, na kona hiyo lazima aitengeneze mwenyewe.

Nije sasa kwenye vihenge, maana hapo ndipo fedha za sharika na za wafadhili zilipo.

Kihenge cha bati kinachofungwa vizuri si wazo letu. Kilienezwa sana Amerika ya Kati tangu miaka ya 1980 kwa msaada wa Uswisi, kikitengenezwa na mafundi wa vijijini kama hawa, na baadaye kikaja Afrika. Kwetu kina kazi maalumu. Yule mdudu dumuzi, ambaye wengine humwita Scania, aligunduliwa nchini kwetu katika mkoa wa Tabora kuelekea mwanzo wa miaka ya 1980, naye hutoboa mahindi makavu kwa namna ambayo fukusi wa zamani hakuweza. Kihenge humshinda kwa njia rahisi. Nafaka iliyokauka vizuri inajazwa, mshumaa unawashwa juu ya nafaka, mfuniko unafungwa na kuzungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mshumaa unatumia sehemu ya hewa na kuzimika. Wadudu wenyewe wanaimaliza iliyobaki kwa kupumua, kisha wanakufa. Hakuna sumu ndani ya chakula cha watoto.

Lakini yote hayo yanategemea hewa ya nje isiingie. Kihenge chenye mwanya mdogo tu kwenye mfuniko ni pipa la kawaida, tena baya kuliko gunia, kwa sababu mwenye nyumba amekiamini na hakitazami tena. Anafungua baada ya miezi mitatu anakuta unga. Mama mmoja wa usharika wa jirani alikirudisha cha kwake hapa kwa mkokoteni. Hakugombana na mtu. Alikiacha mlangoni akaomba arudishiwe fedha zake za mahindi, si za kihenge. Mafundi walikiingiza ndani, wakatia kichwa kwenye mdomo wake mchana wa jua kali, na wakaona mwanga ukiingia pembezoni mwa kifuniko cha juu, kwa urefu kama wa kiganja. Mshono wenyewe ulikuwa umelehemiwa vizuri kabisa. Kosa lilikuwa kwenye kipande.

Hesabu yake ni hii. Kihenge cha kati tunakitengeneza kwa mabati mawili yaliyounganishwa, mzingo wake karibu mita 3 na sentimita 80. Kama kila bati limekatwa likiwa na tofauti ya milimita 6 kati ya ukingo wa juu na wa chini, mawili yakikaa upande mbaya yanakupa milimita 12. Gawanya kwa 3.14, unapata karibu milimita 4 za kipenyo. Yaani kihenge kimekuwa kipana juu kuliko chini kwa milimita 4, na kifuniko kimekatwa kwa kipimo kimoja. Fundi anafanya nini? Anagonga kwa nyundo mpaka kiingie. Kinaingia, naam. Lakini kimekaa kwa kulazimishwa, mkunjo mahali pamoja umebana na mahali pengine umeachia, na risasi inajaza pengo ambalo haikuumbiwa kulijaza. Kihenge kikibebwa juu ya pikipiki kwenye barabara zetu, risasi inapasuka.

Tofauti hiyo ya milimita 6 inatoka wapi? Niliomba kukaa hapa siku mbili nikitazama, na mafundi waliniruhusu, nawashukuru. Inatoka sehemu mbili. Ya kwanza, bati linapimwa kwa futi kutoka kila upande, mara huku mara kule, kwa hiyo hakuna kona moja inayofuatwa. Guni wanalo, lakini ni fupi, la seremala, mguu wake hauzidi sentimita 30, na kosa dogo kwenye sentimita 30 linakuwa kubwa likifika mita 2.

Sehemu ya pili ni ya kuvutia zaidi. Kipande cha kwanza kinakatwa kwa uangalifu mkubwa. Cha pili kinachorwa kwa kulaza cha kwanza juu yake na kupitisha msumari pembeni. Cha tatu kinachorwa kwa kulaza cha pili. Cha nne kwa cha tatu. Msumari una unene wake, mstari unapita nje kidogo ya ukingo, na mkasi unapita nje kidogo ya mstari. Ikiwa kila mara kipande kinaongezeka milimita 1, kipande cha kumi kimezidi cha kwanza kwa milimita 9, na hakuna aliyekosea. Kila fundi amefuata kwa uaminifu kile alichopewa. Ndiyo sababu vihenge vya Jumatatu vinafunga na vya Ijumaa havifungi, jambo ambalo kwenye kikao kilichopita mjumbe mmoja alilieleza kuwa ni uchovu.

Sasa tazameni mashine inayoombwa. Ina meza, kisu kirefu, na mota. Itakata mita 1 kwa pigo moja, mstari umenyooka. Lakini mstari ulionyooka ukikaa mahali pasipo pake hausaidii kitu. Fundi atalisukuma bati, atainama kutazama mstari wake wa msumari chini ya kisu, atalisogeza kwa vidole, kisha atakanyaga. Nawaomba mlione hilo kwa macho ya mzazi: uso na vidole vya kijana viko karibu na kisu, kwa sababu anatafuta mstari. Bati likiwa linagonga kizuizi nyuma ya kisu, hana haja ya kuinama wala kuona mstari. Analisukuma mpaka ligonge, anatoa mikono, anakanyaga. Usahihi na usalama vinatoka kwenye kipande kile kile cha chuma.

Kwa hiyo pendekezo la ofisi yangu ni meza. Najua meza haipendezi kwenye picha ya ripoti, na wageni wetu wataniwia radhi kwa kusema hivyo. Meza ya mbao ngumu yenye fremu ya chuma, juu yake bati nene lililonyooka. Ncha mbili za chuma mbele, mita 1 na nusu kati yake, na ncha moja ubavuni, zote zimefungwa kwa bolti. Chini ya kila ncha pawe na uwazi ili chembe zianguke badala ya kukaa. Fundi yeyote wa kuchomelea wa Kayanga au Omurushaka anaweza kuitengeneza. Umraba wake utapimwa kama mafundi waashi wanavyopima msingi wa kanisa, 3 kwa 4 kwa 5, halafu kona kwa kona, na vipimo viwili vya kona kwa kona vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, ncha inalegezwa na kusogezwa. Kona ya kushoto mbele ipakwe rangi nyekundu. Kila bati linaloingia karakana hii ligonge kona nyekundu, katika kuchora, kukata, na kukunja.

Pamoja na meza, kipande kimoja cha mfano kwa kila ukubwa wa kihenge, cha bati nene, kining'inizwe ukutani. Vipande vyote vichorwe kutoka kwa hicho, na kisiuzwe hata siku mteja akiwa na haraka.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Fundi mkuu wetu amefanya kazi hii kwa jicho kwa miaka mingi, na baadhi yenu mmeniambia faraghani kwamba vizuizi vitamvunjia heshima, kwa kuwa binti aliyejiunga na karakana mwezi uliopita ataweza kukata kipande sawa na cha kwake. Ni kweli, ataweza. Hilo ndilo lengo. Lakini nani ataweka ncha zile mahali pake, nani atagundua kwamba zimelegea, nani atasikia kwa mkono kwamba kisu kimekuwa butu na kinaacha ukingo wenye meno unaoinua bati lisikae? Kiwandani mtu wa kazi hiyo hulipwa zaidi ya anayesukuma bati. Napendekeza spana ya bolti zile ikae kwa fundi mkuu peke yake, na malipo yake yawe ya kuweka na kukagua, si kwa idadi ya vihenge.

Wapo pia wanaosema kwamba usahihi wa namna hii si wa kwetu. Hilo silikubali hata kidogo. Kule Katuruka, Bukoba, watafiti wakiongozwa na Peter Schmidt walichimba tangu miaka ya 1970 na kukuta tanuru za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Hapa hapa Karagwe, Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876, walikuta Bweranyange vitu vya kifalme vya chuma, ng'ombe wadogo wenye pembe zilizopinda sawasawa kushoto na kulia. Mhunzi aliyepinda pembe zile mbili zikalingana alikuwa na kipimo fulani alichokirudia.

Nimalizie na upande wa fedha, maana mwenyekiti ananitazama. Fedha zilizotengwa kwa mashine zisirudishwe na zisihamishwe. Zibaki kwenye akaunti ya mradi. Meza na vipande vya mfano vitengenezwe kutoka fungu la vifaa, ambalo linatosha. Kisha karakana ipewe jaribio: vihenge kumi mfululizo na mifuniko kumi, vichanganywe, na mfuniko wowote ufunike kihenge chochote bila nyundo. Wajumbe wawili wa kamati na mama mmoja mkulima washuhudie. Siku jaribio hilo likifaulu, mimi mwenyewe nitaandika barua ya kununua mashine, nayo ije na kizuizi cha nyuma na kinga ya vidole, vimeandikwa kwenye ankara na si kwa ahadi ya mdomo ya muuzaji.

Kihenge cha yule mama kimefunguliwa na kitakatwa upya juu ya meza itakapokuwa tayari. Mahindi yake kamati ya usharika wake imeahidi kuyalipa baada ya mavuno ya maharage, na katibu ameandika.

Mifuniko iliyopo sasa imepangwa pale nyuma kando ya ukuta, pamoja na vihenge sita. Anayetaka kujaribu kuibadilishana kabla ya chakula aende na fundi mkuu. Shikeni kwa kitambaa, kingo bado ni kali.